UZI: Kuzunguka visiwa vyetu kwa boti binafsi (Tanga, Pemba, Unguja, Mafia, Kilwa). Anza na upepo na maji kabla hujaulizia bei

Mwana_Raskazone:
Wakuu habari za saa hizi. Humu kila baada ya muda anatokea mtu anauliza kukodi boti azunguke visiwa na familia au washkaji, na majibu yanayokuja yote ni ya bei na picha za fukwe. Mi niko kwenye boti za tanga hapa Tanga miaka mingi, nataka niandike kile ambacho mtu akikijua safari yake inakuwa tamu na asipokijua anarudi amechoka anachukia bahari. Watu wanapanga kwa tarehe za likizo afu ndo wanauliza hali ya hewa. Kwa pwani yetu anza upande wa pili, upepo gani unavuma mwezi huo na mwezi wa angani uko tarehe ngapi, hivo viwili vikuambie uende wapi, likizo yako ije baadae.

Kaskazi (upepo wa kaskazini mashariki) anaingia kuanzia Desemba mpaka Machi hivi, kusi (wa kusini mashariki) anashika kuanzia Aprili au Mei mpaka Septemba Oktoba, katikati hapo Oktoba Novemba ndo matlai, upepo mwepesi kutoka mashariki na bahari imetulia. Hayo kila mtu wa pwani anayajua. Ambalo wageni hawalijui ni mkondo. Mkondo wa bahari hapa kwetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, wakati wa kusi unapata nguvu kwelikweli, maeneo mengine unafika maili 4 kwa saa, wakati wa kaskazi unapungua maana upepo unausukuma kinyume. (Maili zote ntakazotaja ni za bahari, moja ni kama kilomita 1.85.)

Sasa fanya hesabu. Boti ya tanga ya kawaida inatembea maili 5 kwa saa. Mwezi wa saba mtu anataka kutoka Tanga ashuke Unguja na Mafia, yaani anapingana na upepo na mkondo kwa pamoja, boti inabisha (inakwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo) kutwa nzima, watu wanatapika, jioni ukiangalia ramani umesogea kidogo tu. Safari hiyohiyo Januari upepo uko nyuma yako, mkondo umelegea, watoto wamekaa omo (mbele ya boti) wanaimba. Kwahiyo kwa anaetaka kushuka kusini aende na kaskazi, anaetaka kupanda apande na kusi, na asie na muda wa kusubiri achague kipande kimoja akae hapohapo, Pemba peke yake inatosha wiki nzima.

Aprili na Mei kaeni nyumbani. Masika, upepo unageuka, na kumbukeni mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika mpaka Mafia. Zamani tulikuwa tunasema vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska, sasa angalia taarifa ya bahari ya TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) kila asubuhi na jioni, bure kabisa.

Naendelea chini, ulizeni.

kijana_wa_Sinza:
Mkuu asante, ila sisi tuko sita, tuna siku saba za Desemba mwishoni, hakuna hata mmoja anaejua bahari. Tunakodi na nahodha au tunaendesha wenyewe kwa gps?

Mwana_Raskazone:
Na nahodha, kaka, tena aliezaliwa maeneo mnayokwenda. GPS itakuonesha ulipo ila mwamba wetu mwingi haujapimwa vizuri kwenye chati (ramani ya bahari), kuna sehemu chati inaonesha boti iko juu ya nchi kavu na wewe unaelea, na fungu la mchanga linahama baada ya kila kusi. Plota (skrini ya GPS yenye ramani) ni msaidizi, macho ndo kazi yenyewe. Muulize nahodha maswali matatu kabla hujatoa hela: mwezi wa angani leo tarehe ngapi, maji yatakupwa (yatashuka) saa ngapi siku mnayoondoka, na mkizidiwa na upepo mtajificha wapi. Akikujibu bila kutoa simu mfukoni huyo ni nahodha. Halafu kagua jaketi la kuokolea kwa kila kichwa, saizi za watoto pia, redio ya VHF inayofanya kazi (chaneli 16 ndo ya dharura), pampu ya ngama (maji yanayokusanyika chini ndani ya chombo) iwashwe uione inatoa maji, na leseni ya chombo, mamlaka ya vyombo vya majini bara ni TASAC na Zanzibar ni ZMA.

Siku saba za Desemba mwishoni msijitie Kilwa. Tanga, Pemba upande wa magharibi, Nungwi, mmalizie Mji Mkongwe. Hiyo mnashuka na kaskazi.

BintiMvita:
Salaam kutoka Mombasa. Mimi na mume wangu tuna katamarani ndogo, tunataka kuvuka kutoka Shimoni hadi Pemba. Kwenye ramani ni karibu mno, kama maili 22 tu kufika Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, lakini wazee wa kisiwa cha Wasini hapa jirani wanatuambia tusubiri kaskazi. Ni lazima?

Mwana_Raskazone:
Wasikilizeni hao wazee dada. Kutoka Shimoni Pemba iko kusini mashariki kwenu, na kusi anatokea hukohuko kusini mashariki, kwahiyo upepo uko usoni na mkondo unawasukuma mrudi Mombasa. Maili 22 zinageuka kutwa na usiku. Kaskazi akishatulia, Januari Februari, mnavuka kwa raha upepo ubavuni. Au subirini Oktoba Novemba wakati wa matlai mkiwa na mashine nzuri. Mkitoka Kenya gongeni mihuri ya kutoka hapo Shimoni na mkifika Pemba nendeni moja kwa moja Mkoani kwa uhamiaji na forodha kabla ya kutia nanga kwenye kisiwa chochote. Najua kisiwa kidogo cha Misali mtakipita kinawaita, ila karatasi kwanza.

Na hapa niingie kwenye maji maana ndo moyo wa uzi huu.

Kwetu maji yanajaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu na siku mbili tatu baada yake, tofauti ya kujaa na kukupwa inakaribia mita 4. Wakati wa maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, tofauti inashuka sana. Na maji hayapandi sawasawa. Saa ya kwanza na ya mwisho yanasogea kidogo, kwenye saa mbili za katikati nusu nzima ya maji yote inapita, ndo hapo mkondo kwenye milango ya mwamba unakimbia kama mto.

Kitu kizuri ni kwamba pwani yetu saa zake zinatabirika. Bamvua maji yanajaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na kukupwa karibu saa nne, ndo maana kina mama wa mwani na wanaochokoa pweza utawaona wameshuka pwani saa nne asubuhi wakati wa bamvua. Kila siku inasogea mbele kama dakika 50, kwahiyo baada ya wiki moja, kwenye maji mafu, mambo yamegeuka, yanajaa saa nne na kukupwa saa kumi.

Sasa unganisha na jua. Mwamba unauona vizuri jua likiwa juu na nyuma yako, likikukabili usoni maji yanang'aa huoni kitu. Pemba milango yote ya visiwa vya magharibi, Fundo, Njao na kwengineko, unaingia unaelekea mashariki, kwahiyo unataka jua la mchana liwe mgongoni. Siku za bamvua saa nane saa tisa mchana jua liko nyuma yako NA maji yanajaa. Hakuna bahati hapo, ndo mpangilio wenyewe. Ukitoka Tanga alfajiri saa kumi na moja, maili 31 mpaka Misali ni saa sita hivi, unafika saa tano, unatia nanga kwenye mchanga unaogelea na watu wanakula, mchana unaingia ndani kwenye maji yaliyotulia.

Kwanini nasisitiza maji yanayojaa: ukigusa fungu maji yanajaa, unasubiri robo saa unaelea unarudi ulikotoka. Ukigusa maji yanakupwa, umepwelewa, boti ya mkuku mrefu (uti wa chini wa chombo) inalala ubavu na utakaa hapo nusu siku, na kama siku hiyo ndo kilele cha bamvua ujue maji yanayofuata yatapungua kila siku, unaweza kusubiri wiki mbili. Mashua na jahazi zimeundwa kukaa kwenye mchanga, katamarani nyingi pia zinavumilia, boti ya faiba yenye mkuku wa mita 2 haivumilii.

mzee_wa_Nungwi:
Assalaam aleykum. Nimesoma, umesema kweli shekhe. Niongeze kuhusu hii bahari yetu ya Nungwi, maana vijana wakiona Pemba na Unguja zimekaa karibu wanadhani ni ziwa. Kati ya Nungwi na Mkoani ni maili 30 hivi, na Pemba si kama Unguja, Unguja na Mafia zimekaa juu ya bahari fupi ya bara lakini Pemba imezungukwa na kina kirefu, ile bahari kati yake na bara inashuka zaidi ya mita 700. Maji ya kina yakija kukutana na bahari fupi huku upepo umekaza yanasimama wima. Hapa ndipo ilipozama meli ya Spice Islander usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, imejaza watu na mizigo kupita uwezo wake. Mwaka uliofuata Julai 18 meli ya Skagit ikazama karibu na Chumbe, kusi imekaza. Sisi tulizika. Mtu asinambie boti yangu ina mashine mbili. Kusi ikikaza unakaa, unakula samaki wako, unasali, unangoja.

Mwana_Raskazone:
Waaleykum salaam mzee wangu, Mungu awarehemu wote. Hayo ndo maneno. Na ndo maana nikamwambia yule kijana aulize mtajificha wapi. Kwa anaeshuka kutoka Pemba na kaskazi: usiku lala upande wa Mkoani, ondoka alfajiri upepo haujaamka vizuri, mchana uko Nungwi au nyuma ya Tumbatu.

Unguja yenyewe sitaandika sana maana mnaijua. Upande wa magharibi na kusini ndo wa boti, mashariki mwamba umeziba na bahari yote ya Hindi inapiga pale. Mji Mkongwe unatia nanga mbele ya mji, Changuu na Bawe ziko karibu, Chumbe ni hifadhi usitie nanga kabisa, ukitaka kuiona panga na wenyewe. Ghuba ya Menai kusini ni tamu wakati wa kaskazi, Kizimkazi kuna ule msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107, ukishuka pale vaa vizuri. Kwa ujumla ukishuka kijiji chochote usiende na nguo za kuogelea, Zanzibar mwone sheha, bara mwone mwenyekiti, ujitambulishe, sema boti yenu ile pale tunalala usiku mmoja. Inachukua dakika kumi na usiku mzima kijiji kinakuangalizia boti.

mvuvi_Jibondo:
Mimi ni mvuvi huku Mafia, nasoma kimya ila hapa niseme. Hizi boti za starehe zinakuja zinatia nanga juu ya nyavu zetu, au zinapita juu ya jarife (wavu mkubwa) usiku panga ya mashine inakata wavu afu wanaondoka. Wavu mmoja ndo ada ya mtoto. Halafu nanga juu ya matumbawe, linavunjika pale samaki wanakimbia hatuwaoni tena. Tukiwapigia kelele wanadhani tunaomba hela.

Mwana_Raskazone:
Nashukuru umelisema ndugu yangu, na walio humu wanaopanga safari wasome hili mara mbili. Nanga inakwenda kwenye mchanga tu, na kama huuoni mchanga kwa macho mtu azame aangalie. Mnyororo mara tano ya kina, na kina unachohesabu ni cha maji yakijaa sio cha sasa hivi: umetia nanga mita 5 maji yamekupwa bamvua, usiku itakuwa mita 9, kwahiyo mnyororo na kamba ni mita 45, sio 25. Boti nyingi zinazoburura nanga usiku na kwenda kulala juu ya mwamba ni hesabu hii tu.

Ukiona vielea vya chupa za plastiki au maboya madogo yamepangana mstari huo ni wavu, zunguka. Ukimkuta mvuvi kwenye ngalawa mpungie mkono, punguza mwendo, muulize wavu umelala wapi, atakuonesha na mlango wa kuingilia pia. Ukiharibu wavu simama ulipe. Na ndo sababu kubwa ya mimi kukataza safari za usiku karibu na nchi. Siku za giza, mwezi haupo, wavuvi wa dagaa wamewasha taa utadhani mji, hao unawaona, lakini katikati yao kuna mitumbwi isiyo na taa hata ya kibiriti.

kijana_wa_Sinza:
Mkuu Mafia umeitaja juu juu, mi nasikia kuna papa potwe, wale samaki wakubwa. Na mafuta yanatumika kiasi gani kutoka Dar?

Mwana_Raskazone:
Papa potwe wanakuwa upande wa Kilindoni, bandari ya Mafia, kati ya Oktoba na Machi, tena karibu na nchi kabisa. Usimguse, usimkatishe njia, mashine ikae mbali nae, na ingia majini na waongozaji wa pale. Mafia ndo hifadhi ya kwanza ya bahari Tanzania, 1995, kiingilio unalipa kwa kontrol namba na risiti utaulizwa.

Kutoka Dar mpaka Kilindoni ni kama maili 70. Boti ya tanga yenye dizeli ndogo ya farasi 30 au 40 inakunywa lita 3 mpaka 4 kwa saa, ukienda mashine tupu bila tanga ni saa kumi na tatu kumi na nne, weka lita 60 na akiba nusu yake tena. Boti ya kasi yenye mashine ya nje ya farasi 40 ya mchanganyiko (petroli na oili) ukiifungua yote inamaliza lita 15 na zaidi kwa saa, kwahiyo tanga inakulipa. Igawe safari, lala Kwale au Koma upande wa Mkuranga, usijaribu kumaliza kwa siku moja ukafika gizani. Na kati ya Mafia na bara kuna maji ya Rufiji, tope, mwamba na fungu huvioni hata jua likiwa mahali pake, pale unakwenda kwa kipima kina na kwa nahodha wa huko.

Ghuba ya Chole ndo mahali ninapopapenda kuliko pote pwani hii, nasema wazi. Visiwa vya Chole, Juani na Jibondo vimeikinga, magofu ya Kua yako Juani, popo wakubwa wa Chole jioni wanajaa angani, na Jibondo mafundi wanaunda majahazi kwa mkono mpaka leo. Ila mlango wa Kinasi unafungukia bahari kubwa mashariki, maji yanapotoka kwa kasi na mawimbi ya nje yanaingia pale panachafuka vibaya. Na angalia jua: huku unaingia kinyume na Pemba, unaelekea magharibi, unataka jua la asubuhi mgongoni na maji yanajaa asubuhi. Hiyo ni siku za maji mafu. Kwahiyo anaefanya safari nzima apange hivi: Pemba aingie na bamvua, ashuke taratibu Unguja na Dar, Chole afike maji mafu. Ni wiki moja au wiki tatu baadae kutegemea na mwendo wake, na inakaa vizuri kabisa na umbali uliopo katikati.

BintiMvita:
Subhanallah, hii ya jua na maji hakuna kitabu nimekisoma kikaeleza hivi. Na Kilwa je?

Mwana_Raskazone:
Kilwa kutoka Mafia ni maili 60 hivi, katikati kuna Songo Songo yenye mitambo ya gesi na mafungu mengi, pita mchana. Tia nanga Kilwa Masoko, mji wa upande wa bara, chukua kibali hapo kabla ya kuvuka kisiwani, ingia Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa taratibu na muongozaji, siku ya pili Songo Mnara. Vyote viwili viko kwenye urithi wa dunia tangu 1981.

Na ukisimama pale utaelewa nilichokuwa nasema tangu juu. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa 1331 kwa upepo huuhuu. Majahazi ya Uarabuni yalikuwa yanashuka na kaskazi na lazima yawahi kusi kurudi, na Kilwa ndo ilikuwa karibu na mwisho wa pale chombo kinaweza kufika na kurudi ndani ya mwaka mmoja. Dhahabu ya Sofala, huko Msumbiji, ikawa inapitia mikononi mwao kwasababu wao ndo walikaa pale upepo unapomwishia mfanyabiashara.

Kwako na shemeji: mkifika Kilwa Februari msigeuze siku hiyohiyo. Acheni boti Masoko au irudisheni Dar mapema Machi kabla masika hayajafunga, na safari ya kurudi Mombasa muiweke Agosti mwishoni au Septemba, kusi limelainika lakini mkondo bado unawabeba. Kutoka Dar kupitia Unguja, Pemba mpaka Shimoni mtashangaa boti inavyokimbia. Nitumieni tarehe zenu PM niwapigie hesabu ya mwezi.